Rossini na Chama cha Kula-Unyamaze

Ukimtafuta Rossini kwenye simu, kitu cha kwanza utakachoambiwa si muziki. Ni tumbo. Utaambiwa Gioachino Rossini alikuwa Mtaliano mnene, alitunga opera 39, kisha akaacha kutunga opera akiwa na miaka 37 tu ili akae mezani vizuri. Utaambiwa kuna nyama inayoitwa kwa jina lake mpaka leo, tournedos Rossini: steki laini juu ya mkate uliokaangwa kwa siagi, juu ya steki ini la bata bukini, juu ya ini vipande vya trufi, yaani uyoga unaoota chini ya udongo na kutafutwa kwa pua za mbwa na nguruwe. Utaambiwa alilia mara tatu tu maishani, na moja kati ya hizo ni siku bata mzinga aliyejazwa trufi alipoanguka majini kutoka kwenye mashua. Basi unacheka, unazima simu. Muziki wenyewe hujausikia.

Mimi nataka kubishana na hadithi hiyo. Si kwamba ni uongo wote. Kula alipenda, hata barua zake zinamwonyesha akiagiza soseji kutoka Modena kwa uzito ule ule ambao mtu mwingine angeagizia dawa. Ninachobisha ni maana wanayoitoa, kwamba chakula kilikuwa starehe na starehe hiyo ikammeza mtunzi. Nikisikiliza opera zake naona kinyume. Huyu mtu alijua mapema sana kwamba chakula ni kitu cha hatari, kwamba sahani inaweza kufunga mdomo wa mtu kuliko kufuli. Alilisema hilo akiwa na miaka 21, kwa kicheko, katika opera ambayo kila anayeishi kwa mgao angefaa aisikilize, na kila anayegawa pia.

Niseme kwanza ninasikilizia wapi, maana sikio nalo lina anwani. Ninaishi Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, pale barabara ya Gayaza inapopishana na Northern Bypass. Wasomaji wa Nakivale na Kyangwali wasiopajua: hapa ndipo watu wa mji wanapokuja kutafuta chakula cha bei ya chini. Malori ya matoke na viazi yanaingia kabla ya alfajiri. Kuna machinjio, kuna wauza byenda, yaani matumbo ya ng'ombe, kuna vijana wa kikomando wanaokatakata chapati juu ya maharage. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nsooba unafurika na nyanya za watu zinaogelea. Sisi wakimbizi tuliochagua mji hatupangi foleni ya mgao. Tunajinunulia hapo hapo sokoni, na siku nyingine tunapita tu sokoni tukiangalia. Usiku, Yaka ikiwa na umeme na simu ina MB, naweka waya za masikio ili majirani wa mizigo mingine walale, nasikiliza opera.

Opera, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kuigiza ambao watu wake hawasemi, wanaimba, na mbele ya jukwaa kuna kundi la wapiga fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma. Wengi wakiisikia mara ya kwanza hudhani ni watu wanaogombana. Mara nyingi ni kweli wanagombana.

Rossini anajulikana kwa kitu kimoja kuliko vyote, kreshendo, ile sauti inayopanda pole pole. Anachukua kipande kifupi cha wimbo, anakipiga kwa fidla chini chini kama mtu anayenong'ona. Anakirudia, safari hii na filimbi. Anakirudia tena, anaongeza tarumbeta. Anakirudia mpaka ngoma kubwa inaingia na huwezi tena kukaa vizuri kwenye kiti. Wimbo ni ule ule; kinachobadilika ni moto. Watu wa enzi yake walimpa jina la utani, Bwana Kreshendo, na wengine walimlaumu kwamba ni mbinu rahisi. Waliomlaumu sidhani kama waliwahi kupika maharage kwenye sigiri (sisi wa Bukavu tunasema mbabula). Kwa saa nzima hakuna kinachotokea. Unafunua, unafunika. Kisha kifuniko kinaanza kutetemeka kidogo, na ukigeuka kumsalimia mtu tu, povu limeshafika kwenye makaa. Rossini alijua ule muda. Kuna hadithi, iliyoandikwa na Mfaransa Stendhal mwaka 1824, kwamba wimbo uliovuma kuliko yote katika opera yake Tancredi, ya 1813, aliutunga huku wali wake ukiiva jikoni, ndiyo maana Waitaliano wakauita wimbo wa wali. Mimi siiamini sana, inanukia hadithi ya mezani. Lakini naona kwa nini watu waliikubali.

Sasa nije kwenye ile opera yenyewe. Inaitwa L'italiana in Algeri, Mwanamke wa Kiitaliano huko Algiers. Ilionyeshwa mara ya kwanza Venice tarehe 22 Mei 1813, mwaka ule ule wa wimbo wa wali. Maneno yaliandikwa na Angelo Anelli, na mtunzi mwingine alikuwa ameshayatungia muziki miaka michache kabla. Rossini aliyachukua akayapika upya kwa chini ya mwezi mmoja.

Hadithi iko hivi. Mustafà ni mtawala wa Algiers. Amemchoka mke wake Elvira, anataka kumtupia mtumwa wake wa Kiitaliano, kijana aitwaye Lindoro, na anaagiza maharamia wake wamtafutie mwanamke wa Kiitaliano. Bahari inamletea Isabella, ambaye kumbe alikuwa safarini kumtafuta huyo huyo Lindoro, mpenzi wake aliyepotea. Chombo chake kimevunjika, yeye ni mateka, mikono mitupu. Pamoja naye yuko mwanamume mmoja, Taddeo, anayempenda bila kupendwa, na ambaye inabidi ajifanye mjomba wake. Mimi nikisoma hayo nasema, huyu dada namjua. Watu wangapi humu tumevuka mpaka na mtu tukamwita mjomba kwenye fomu?

Isabella hana bunduki, hana pesa, hana chombo. Ana akili, na anaona kwamba Mustafà anapenda kuheshimiwa na anapenda kula. Basi yeye na wenzake wanambunia cheo. Wanamwambia kwamba huko Italia kuna chama cha heshima kubwa sana, wanaume wenye bahati tu ndio wanaoingizwa, na jina la chama ni Pappataci. Kwa Kitaliano ni maneno mawili yaliyobanwa pamoja: kula, na nyamaza. Kula-unyamaze. (Kuna hata mdudu anayeitwa hivyo hivyo huko kwao, usubi, kwa sababu anakunywa damu yako bila kelele, si kama mbu anayepiga honi kwanza.) Kazi ya mwanachama ni tatu: kula, kunywa, kulala. Mengine yote ayaache yapite. Mustafà anafurahi sana. Anadhani amepandishwa.

Halafu inakuja sherehe ya kumwingiza, na hapo ndipo ninapoomba mtu asikilize kwa makini. Anasomewa masharti na anayarudia mstari kwa mstari, kwamba akiona ni kama hakuona, akisikia ni kama hakusikia, yeye ni wa kula tu, na wengine wafanye na kusema wanavyotaka. Kisha wanamjaribu. Meza inaletwa, anaanza kula, na Isabella na Lindoro wanaanza kuambiana maneno ya mapenzi mbele ya macho yake. Anashtuka, anataka kufoka. Wanamkumbusha alichoapa. Anarudi kwenye sahani.

Sikiliza kinachotokea kwenye sauti yake. Mustafà ni besi, sauti nzito ya kiume, na mwanzoni mwa opera anaingia na mapambo mengi, noti zinapanda na kushuka mbio kama mtu anayeonyesha ngazi zote za nyumba yake. Hata akitoa amri ndogo anaipamba. Pale mezani mapambo yameisha. Anaimba alichopewa, kwa kipimo alichopewa, kama mtoto wa darasa la kwanza nyuma ya mwalimu. Hakuna aliyemfunga kitambaa mdomoni. Sauti imebanwa kwa wali tu, au tuseme kwa tambi, maana ni Waitaliano. Rossini angeweza kuandika hapo muziki wa kushiba, mzito, wa kupiga miayo. Hakuandika hivyo. Muziki unakwenda mwepesi na haraka, unachekesha, unakimbia mbele ya mlaji, kwa sababu nyuma ya mgongo wake meli inapakiwa watu.

Hapa Kiswahili chetu kinaona kitu ambacho sidhani Kitaliano kinakiona kirahisi hivyo. Sisi tunakula vitu vingi. Tunakula ugali, lakini pia tunakula kiapo. Tunakula njama. Bosi anakula rushwa, mfanyabiashara anakula hasara, mzee anakula chumvi nyingi. Sasa mtazame Mustafà: anakula kiapo cha kula. Isabella na Lindoro nao, hatua mbili kutoka kwake, wanakula njama. Wote wanakula, ila mmoja ndiye anayeliwa. Methali inasema ukila na kipofu usimguse mkono. Isabella anajua hata kumguguza masikioni inawezekana, mradi sahani isitikisike. Ningekuwa na uwezo ningeitafsiri opera hii nzima kwa Kiswahili kwa ajili ya tukio hilo moja. Neno halingehitaji maelezo hata Rwamwanja.

Na kuna lingine dogo linalonifurahisha kila nikilisikia. Taddeo, yule mjomba wa uongo, anagundua mwishoni kwamba naye amechezewa, kwamba Isabella anaondoka na mpenzi wake. Anamkimbilia Mustafà kumwamsha: tumeibiwa wote wawili! Mustafà hajibu lolote ila jina la chama. Ameshakuwa mwanachama mwaminifu. Wakati anapokuja kuelewa na kuita askari, askari nao wamenyweshwa, wamelewa, wako chini. Meli imeondoka.

Nieleze kwa nini hii inaniuma, nisije nikaonekana ninashangilia tambi za watu.

Kuna mkutano mmoja nilihudhuria, wa shirika moja ambalo sitalitaja, uliopewa jina la kusikiliza jamii. Mmeshahudhuria mikutano ya namna hiyo. Unafika, unaandika jina na namba ya simu, unatia sahihi. Soda inakuja, sambusa mbili ndani ya karatasi laini. Mtu anaeleza kwa picha ukutani yale ambayo yameshaamuliwa. Kisha anauliza, je, mna maoni? Ukumbi mzima unatafuna. Mwishoni unatia sahihi ya pili, ya nauli, na kwenye ripoti inaandikwa kwamba jamii ilishirikishwa. Tulikuwa kama watu 60 mle ndani na ningeweza kusikia sambusa zikivunjika.

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na kusoma jarida hili, najua mpo, tena wengine ndio mnaotuchapia nakala kwa mashine zenu: sisemi sambusa ni hongo. Mtu aliyetoka mbali bila kula anastahili sambusa. Nasema tu kwamba mkono unaolisha, hata ukiwa mkono mwema, unaleta ukimya wake, na ukimya huo unaweza kuhesabiwa vibaya kuwa ni kukubali. Tangu 2023 wakimbizi katika makazi ya Uganda wamegawanywa makundi matatu ya mgao, na kundi la tatu halipati kitu. Ndugu zangu walioko huko wanaogopa kuinua mkono mkutanoni wasije wakaonekana wana nguvu za kutosha kuhamishiwa kundi la tatu. Hofu hiyo inaweza kuwa haina msingi wowote kwenye karatasi za ofisi. Kwenye koo ina msingi. Mwenye njaa ananyamaza ili apate, na aliyepata ananyamaza ili asinyang'anywe. Pappataci ni mtawala kwenye opera; huku kwetu wanachama ni watu wa kadi ya mgao.

Ila siku ile ile ya sambusa kulikuwa na mama mmoja wa Fizi, mtu mzima sana. Alikula zake zote mbili pole pole, akanywa soda mpaka chini, akajifuta mdomo kwa kile kikaratasi, akasimama. Akauliza swali refu kuhusu maji ya kisima ambalo yule wa picha hakuweza kulijibu. Namtaja kwa sababu anaharibu nadharia yangu kidogo, na nadharia ya Anelli pia. Yeye alikula na hakunyamaza.

Yapo mambo katika opera hii siwezi kuyameza. Mpumbavu wa hadithi ni Mwafrika na Mwislamu. Wenye akili ni Wazungu. Watazamaji wa Venice walilipa kiingilio wamcheke mtu wa Algiers mwenye kilemba na mdomo uliojaa. Ni kweli kwamba maharamia wa Algiers walikamata Wazungu na kuwafanya watumwa, hilo historia inalijua, na hofu ya Waitaliano wa pwani haikuwa ya kubuni. Lakini kumbuka kilichofuata. Mwaka 1830, miaka 17 baada ya onyesho lile la kwanza, jeshi la Ufaransa lilishuka Algiers likaichukua, na Wafaransa walikaa Algeria mpaka 1962. Nani alikuwa anakula na nani alikuwa anatakiwa anyamaze kwa miaka yote hiyo, opera haisemi, wala isingeweza kujua. Mimi msikilizaji wa leo najua, na kicheko changu pale kinasimama njiani. Anayeonyesha opera hii sasa bila kulifikiria hilo, kwa maoni yangu, amepika vizuri akasahau kuchagua mawe kwenye mchele.

Tena ndani ya mchezo huo huo, muda mfupi kabla ya karamu ya Mustafà, Isabella anawaimbia Lindoro na watumwa wenzake wa Kiitaliano wimbo wa kuwataka waifikirie nchi yao na wawe jasiri. Katikati ya vichekesho, ghafla hakuna mtu anayecheka. Italia wakati huo haikuwa nchi moja, ilikuwa vipande vya wafalme na majeshi ya kigeni. Naples, mwaka 1815, wimbo huo uliondolewa ukawekwa mwingine usio na nchi ndani yake. Kwa hiyo wakubwa wale walisikia vizuri. Tambi waliziacha zibaki, wakaondoa nchi.

Turudi kwenye tumbo la mwenyewe, maana swali bado liko mezani. Kijana aliyemcheka mtu anayekula na kunyamaza, mbona naye alikuja kula na kunyamaza? Opera ya mwisho ni Guillaume Tell, Paris, 1829. Alikufa 1868. Karibu miaka 40 bila opera hata moja, na tournedos juu.

Jibu la haraka ni kwamba alikuwa tajiri na mvivu. Mimi naangalia alikotoka. Alizaliwa Pesaro, kwenye pwani ya Adriatiki, tarehe 29 Februari 1792. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa mji na pia mkaguzi wa machinjio. Nilipolisoma hilo nilitoka nje nikaangalia upande wa machinjio yetu ya hapa Kalerwe, nikamfikiria mtoto anayemsubiri baba mlangoni pale, tarumbeta kwapani. Babu yake upande wa mama alikuwa mwoka mikate. Kisha siasa ikaingia nyumbani: baba alikuwa upande wa Wafaransa waliokuja na mapinduzi, na upande wa pili uliporudi, 1799 na 1800, akafungwa. Mama, ambaye alikuwa mshonaji, akawa anazunguka miji akiimba kwenye majukwaa ili familia ile. Waandishi wa zamani wa maisha yake wanasimulia kwamba huko Bologna mtoto aliachwa alelewe kwa muuza nyama ya nguruwe, wazazi wakiwa barabarani. Huyo si mtoto aliyezaliwa mezani. Ni mtoto aliyeona kwamba baba akifungua mdomo upande mbaya, mkate unaondoka nyumbani, na kwamba mama akifungua mdomo kuimba, mkate unarudi. Mtu wa namna hiyo akipata sahani baadaye, mimi simwiti mlafi haraka hivyo.

Na ile miaka ya ukimya ilikuwa pia miaka ya ugonjwa, wa mwili na wa moyo, mrefu na mbaya. Mwaka 1848, ghasia zilipofika mbele ya nyumba yake Bologna, alikimbilia Florence (ukimbizi wenye pesa, sawa, lakini mtu anayekimbia usiku anakimbia tu). Mwaka 1855 alihamia Paris akiwa amechoka, na huko akapata nafuu. Akaanza kukaribisha watu Jumamosi jioni, kula na muziki, na kutunga tena vitu vidogo alivyoviita dhambi za uzeeni. Humo kuna vipande vinne vya piano alivyovipa majina ya figili, dagaa wa chumvi, matango ya siki na siagi; vingine vinne vinaitwa tini, lozi, zabibu kavu na njugu za hazeli. Waandishi wa mambo ya chakula wanavipenda sana hivi. Mimi nimevisikiliza mara kadhaa na sikupata ladha ya figili wala ya siagi. Ni vizuri, vinachekesha, vingine vina huzuni iliyofichwa. Lakini chakula kimo kwenye kichwa cha habari tu, kama duka lililoandikwa "Hoteli ya Samaki" na ndani kuna chai na mandazi. Ukitaka chakula cha Rossini kilichoingia hasa kwenye noti, rudi 1813. Na ukitaka ushahidi kwamba hakunyamaza, sikiliza misa aliyoitunga 1863, ya waimbaji 12, piano mbili na harmoniamu. Hiyo haikutoka kwa mtu aliyelala baada ya kula.

Hapa Kampala huwezi kuzungumza habari za jukwaa na mdomo ukampita Byron Kawadwa. Mchezo wake wa nyimba kwa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, uliotungiwa muziki na Wassanyi Serukenya, ulipelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977. Ulikuwa juu ya tamaa ya kiti cha ufalme, na wakati huo Idi Amin alikuwa ndiye mwenye kiti. Kawadwa aliporudi, watu wa Amin walimchukua National Theatre, safari fupi ya boda kutoka Kalerwe, wakamuua. Alikuwa mkurugenzi wa jumba hilo, mtu mwenye nafasi, angeweza kula mshahara wake na kutunga vichekesho vya ndoa. Nikimcheka Mustafà namkumbuka huyo pia, na ninapunguza sauti ya kicheko. Kukataa uanachama wa kula-unyamaze Rossini alikufanya mchezo. Kuna mahali kuna bei.

Jirani yangu ni mama wa Uvira anayepika katogo asubuhi, matoke na byenda, anauzia vijana wa boda na wabeba mizigo wa soko. Nilimpa waya moja ya sikio, nyingine nikabaki nayo, nikamwonyesha kwenye simu tukio la Mustafà na meza yake, nikimtafsiria kidogo kidogo kama wale vijana wanaosimulia filamu kwenye vibanda vya video. Alicheka kweli, mpaka akashika ubavu. Kisha akauliza:

"Mwanangu, na nani alipika?"

Nikafikiria. Ndani ya opera nzima hakuna mpishi. Yupo mtawala, mke, mjakazi wa mke, mkuu wa maharamia, mateka, kwaya ya watumwa. Meza inaletwa tu, imejaa. Nikamwambia kuna nyingine ya mtu huyo huyo, La Cenerentola, ya 1817, hadithi ya yule binti anayefanywa mtumishi na baba wa kambo. Hiyo inafunguka jikoni. Dada zake wawili wanajitazama kwenye kioo, na yeye yuko kwenye moto anapuliza kwa mvukuto, birika la kahawa lichemke, huku akiimba wimbo mmoja mfupi wa huzuni. Dada wanamwambia aache kuimba huo wimbo, anawachosha. Anaurudia. Anaingia ombaomba, dada wanamfukuza, yeye anamtilia kahawa na kumpa mkate kwa siri. Na Rossini, ambaye angeweza kumpa wimbo wa kwanza yeyote kati ya wale wenye nguo nzuri, ameweka sauti ya chini ya kike, nzito na tulivu, pale kwenye majivu.

Mama akaniambia nimtafutie huyo wa kahawa. Nikamwambia ni zaidi ya saa mbili na MB zangu zinaisha Jumamosi.

"Basi tuanze na jikoni," akasema, akirudi kufunika sufuria yake. "Hao wana wa mfalme tutawaruka."